Shajara ya mradi: takwimu kwa dadu moja na daftari

6 Januari. Kuanza

Kozi ya takwimu nilishaifanya, na mtihani nikafaulu. Juzi kazini nikaulizwa thamani ya p ni kitu gani, nikajikuta natoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Fomula nazikumbuka, ila zinachosema sikijui. Basi naanza upya, na safari hii naandika kila hatua ili mwenye shida kama yangu afuate, au aruke pale nilipoangukia.

Kanuni niliyojiwekea ni moja: kila dhana naifanya kwanza kwa mkono, kwa data chache zinazoenea ukurasa mmoja, ndipo kompyuta iruhusiwe. Vifaa ni dadu moja, daftari la kurasa 96, vipande vya karatasi na programu ya majedwali iliyokuwamo tayari kwenye kompyuta. Gharama nitaihesabu kwa muda, maana ndio unaoniuma.

Maneno mawili kabla sijasonga. Nikisema "kundi zima" namaanisha wote ambao tungependa kujua habari zao. "Sampuli" ni wale wachache tuliowafikia. Takwimu fafanuzi zinaeleza kilichomo mkononi. Takwimu hitimishi zinatoka kwenye sampuli na kuthubutu kulisemea kundi zima. Kwenye huko kuthubutu ndiko nilikokuwa napotea.

11 Januari. Wastani na mediani. Muda: saa 3

Nimeandika dakika nilizotumia kwenda kazini kwa siku kumi: 31, 34, 29, 33, 30, 32, 35, 31, 33, 112. Siku ya mwisho gari liliharibika njiani.

Jumla ni 400, wastani 40. Nikaandika kwa kujiamini: "kwa kawaida natumia dakika 40." Halafu nikaisoma orodha tena. Hakuna hata siku moja niliyotumia dakika 40, wala 38, wala 45. Siku tisa kati ya kumi ziko chini ya hapo. Wastani haujakosea hesabu. Umefanya kazi yake ya kuzigawa dakika zote sawasawa, na zile 112 zimewaangukia wenzake wote.

Mediani, yaani namba inayokaa katikati ukishazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni 32.5. Hiyo ndiyo inayofanana na asubuhi zangu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilijifanya usafi. Niliifuta 112, wastani ukashuka hadi 32, nikafurahi kwamba sasa data "zimekaa vizuri". Lakini siku ile ilikuwepo! Nilichelewa kweli. Kuifuta ni sawa na kudai magari hayaharibiki. Nimeirudisha. Nikiripoti, natoa mediani na kutaja kwamba siku moja ilivuka dakika 100 na sababu yake. Nikitaka kujua jumla ya muda ninaopoteza barabarani kwa mwezi, hapo wastani wa 40 ndio wenye maana. Kipimo kinafuata swali.

Modi, yaani namba inayojirudia zaidi, nimeipita haraka. Hapa ziko mbili, 31 na 33, na haziniambii kitu.

19 Januari. Mkengeuko sanifu, na ile n kutoa 1. Muda: saa 6

Nilitaka kujua siku zangu zinatofautiana kiasi gani. Nikachukua zile siku tisa tulivu, nikatoa 32 kwenye kila moja, nikajumlisha tofauti. Sifuri. Nikarudia, sifuri tena. Saa nzima ikaishia kwenye kutafuta kosa ambalo halikuwepo. Lazima iwe sifuri: wastani ndiyo ile namba ambayo waliozidi na waliopungukiwa wanafutana kabisa.

Dawa yake ni kuzipandisha tofauti kipeo cha pili ili alama ya kutoa ipotee. Jumla ya vipeo hivyo ni 30. Nikagawanya kwa 9, nikapata variansi 3.33, nikatafuta kipeuo chake, ambacho ndicho mkengeuko sanifu: 1.83. Kompyuta ikasema 1.94.

Hapa ndipo zamani ningeifuata kompyuta na kunyamaza. Kumbe programu ina fomula mbili: STDEV.P inagawanya kwa n (idadi ya data), yaani una kundi zima; STDEV.S inagawanya kwa n kutoa 1, yaani una sampuli tu. 30 gawanya kwa 8 ni 3.75, na kipeuo chake 1.94. Sawa, lakini kwa nini? "Digrii za uhuru", jibu la kawaida la vitabu, nimezisoma mara kumi na hazijawahi kunishibisha.

Kilichonishibisha ni vipande vitatu vya karatasi. Niliviandika 1, 2 na 3. Hilo ndilo kundi zima, wastani wake 2, na variansi yake halisi ni 2/3. Kisha nikaorodhesha sampuli zote za vipande viwili, ukirudisha kipande cha kwanza kabla ya kuchukua cha pili. Ziko tisa. Tatu zina namba zinazofanana (1 na 1, 2 na 2, 3 na 3), hivyo variansi ni 0. Nne zinatofautiana kwa 1, na ukigawanya kwa n zinatoa 0.25 kila moja. Mbili zinatofautiana kwa 2, zinatoa 1. Wastani wa zote tisa: (0 + 1 + 2) gawanya kwa 9, yaani 1/3.

Nusu ya ukweli! Rudia ukigawanya kwa n kutoa 1, ambayo hapa ni 1, kila jibu linakuwa maradufu na wastani unakuwa 2/3 barabara.

Sababu inaonekana ukitazama sampuli ya 3 na 3. Yenyewe inajiona haina tofauti yoyote, kwa kuwa inajipima kutoka kwenye wastani wake yenyewe, ambao ni 3, wakati wastani wa kweli ni 2. Sampuli iko karibu na wastani wake kuliko ilivyo karibu na wastani wa kundi zima, isipokuwa pale mawili hayo yanapolingana, kwa hiyo inajipunja. Kugawanya kwa namba ndogo zaidi kunafidia. Mazoezi haya yanachukua dakika kumi. Nayapendekeza kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma, na haya yangu yakiwemo.

Nyongeza: nikiirudisha ile siku ya 112, mkengeuko sanifu unaruka kutoka 1.94 hadi 25.4. Siku moja tu.

27 Januari. Picha kwanza. Muda: saa 2

Nimeingiza kwa mkono seti nne za data alizochapisha Francis Anscombe mwaka 1973. Kila seti ina nukta 11. Wastani wa x ni 9 katika zote, wa y ni 7.5, uwiano (kipimo cha jinsi x na y zinavyokwenda pamoja) ni takriban 0.816, na mstari unaozipita ni y = 3 + 0.5x. Ukisoma jedwali la muhtasari, utaapa ni data zilezile. Chora sasa: ya kwanza ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, ya nne ni nguzo iliyosimama na nukta moja pembeni inayouvuta mstari mzima.

Sina la kuongeza. Tangu leo nachora kabla ya kukokotoa.

8 Februari. Kengele iliyokataa kuja. Muda: saa 9

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu kuliko zote.

Nilijua, au nilidhani najua, kwamba "data zikiwa nyingi zinakuwa na umbo la kengele". Nikarusha dadu mara 200 nikichora histogramu, yaani nguzo zinazoonyesha kila namba imetokea mara ngapi. Ikawa bapa. Nikasema hazijatosha, nikaongeza 200. Ikazidi kuwa bapa. Kidole gumba cha kulia kikachoka, nikawa nabadilisha mikono (niliandika mkono upi, kwa mazoea tu, jambo hilo litarudi kunitesa Machi). Dadu ikaingia chini ya kabati mara nne. Nikaamua inayotoka nje ya meza haihesabiwi, kisha nikashtuka: niliamua hivyo kabla ya kuona namba au baada? Mara moja ilikuwa baada, na ilikuwa 1. Kanuni ya kutupa data lazima iandikwe kabla, la sivyo mkono unachagua wenyewe.

Turudi kwenye kengele. Dadu nzima ina nyuso sita zenye nafasi sawa. Ukiirusha mara milioni utapata histogramu bapa, iliyonyooka zaidi. Wingi wa data haubadilishi umbo la kitu chenyewe. Nadharia ya kikomo cha kati, ambayo mwanahisabati de Moivre aliigusa kwa sarafu mwaka 1733 na Laplace akaipanua mwaka 1810, inazungumzia wastani wa sampuli. Data zenyewe haziahidi kitu.

Mirusho 400 haikupotea. Niliikata katika mafungu ya mitano mitano, nikapata wastani 80, mmoja kwa kila fungu, nikauchora. Kengele ikaja, imepinda kidogo upande mmoja, lakini ni kengele. Kupata wastani wa 1 lazima urushe 1 mara tano mfululizo; kupata unaokaribia 3.5 kuna njia chungu nzima. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Na hapa nikaelewa kosa sanifu, ambalo miaka yote nililichanganya na mkengeuko sanifu. Mkengeuko sanifu wa dadu ni 1.71, nao ni sifa ya dadu; haupungui hata ukirusha mpaka kesho. Kosa sanifu ni jinsi *wastani* unavyoyumba kutoka sampuli hadi sampuli: 1.71 gawanya kwa kipeuo cha idadi ya mirusho. Kwa mirusho mitano ni 0.76. Kwenye wastani wangu 80 nilipima 0.79.

Nilipokata upya kwa mafungu ya mirusho ishirini, nadharia ilisema 0.38. Ona bei yake: kupunguza yumbayumba kwa nusu, nililipa mirusho mara nne.

16 Februari. Sampuli kubwa, jibu bovu. Muda: saa 4

Nikajiona mtaalamu, nikataka data za watu. Saa tano na nusu usiku niliwatumia ujumbe watu 60 ninaofahamiana nao: "Huwa unalala saa ngapi?" Ndani ya saa moja walijibu 23. Karibu wote hulala baada ya saa sita.

Asubuhi, nikiwa nachora, ndipo nikagutuka. Waliokuwa wamelala wangejibuje?

Majibu mengine yalikuja kutwa nzima, lakini nimeyatupa yote, kwa sababu hata hao 60 ni marafiki zangu na rika langu. Hakuna fomula ya kuokoa sampuli iliyoteuliwa vibaya, na ukubwa hausaidii. Jarida la Literary Digest mwaka 1936 lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka kwenye orodha kama za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha. George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi.

Kosa sanifu linapima bahati ya uteuzi wa nasibu peke yake. Upendeleo wa sampuli halioni kabisa.

2 Machi. Masafa ya uhakika. Muda: saa 7

Niliandika hivi kwenye daftari, na nimeiacha ionekane: "Masafa ya uhakika ya asilimia 95 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli umo humo." Nimeikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu dadu ilinisuta.

Uzuri wa dadu ni kwamba jibu nalijua: 3.5. Nilichukua mafungu yangu ishirini ya mirusho ishirini, kila moja nikalijengea masafa, yaani namba mbili za mpaka: wastani wake, toa na ongeza 0.75 (1.96 mara 0.38; kwenye kengele, asilimia 95 ziko ndani ya makosa sanifu 1.96 kutoka katikati). Mafungu 19 yalilidaka jibu. Moja lilikuwa na wastani 4.3, hivyo masafa yake ni 3.55 hadi 5.05. Jibu halimo.

Sasa uliza: hilo fungu lina uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa na 3.5? Halina hata chembe. Limekosa, basi. Na yale 19 hayana asilimia 95 pia, yamepata. Asilimia 95 ni sifa ya njia ya kujenga, ikirudiwa mara nyingi, na kwenye utafiti wa kweli hujui lako ni kati ya yaliyopata au yaliyokosa. Mwanatakwimu Jerzy Neyman aliyatoa masafa ya uhakika mwaka 1937 kwa maana hiyohiyo. Isije ikadhaniwa kwamba 19 kati ya 20 ni lazima, bahati ingeweza kunipa 20 au 17.

Kisha nikarudi kwenye zile siku tisa za kwenda kazini. Hapa mkengeuko wa kweli siujui, ninao wa sampuli tu, 1.94. Kutumia 1.96 ni kujifanya ninajua. William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin na kuishi na sampuli ndogondogo, alichapisha suluhisho mwaka 1908 kwa jina la "Student". Kwa data tisa, badala ya 1.96 unaweka 2.306. Kosa sanifu ni 1.94 gawanya kwa 3, yaani 0.65, hivyo masafa ni takriban 30.5 hadi 33.5. Nimeandika pembeni: yanahusu siku zisizo na hitilafu tu, na siku tisa za mfululizo si sampuli ya nasibu. Kwa hiyo ni zoezi, si habari.

15 Machi. Thamani ya p na mdogo wangu. Muda: saa 6

Mwanatakwimu Ronald Fisher alieleza mwaka 1935 jaribio la vikombe 8 vya chai: vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, na mwanamke anayedai kutofautisha kwa ulimi. Kuchagua vinne kati ya nane kuna njia 70. Akibahatisha tu, nafasi ya kupatia vyote ni 1/70, yaani 0.014.

Mdogo wangu anadai anaweza kutambua kwa kidole upande wa mbele na wa nyuma wa karatasi ya kuchapishia. Vizuri. Karatasi nane, nne zimelala kifudifudi, nne chali.

Jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe. Nilipanga mpangilio "wa nasibu" kutoka kichwani, na nilipoutazama ulikuwa unapishana moja moja kama meno ya msumeno. Kichwa cha mtu kinaogopa kurudia. Pia alikuwa ananitazama usoni. Nikaanza upya: mpangilio kwa kuchomoa vikaratasi, karatasi chini ya kitambaa, mimi nimegeuka.

Akapata sita kati ya nane.

"Si unaona?" akasema.

Nikahesabu. Kwa kuwa anajua ziko nne nne, sita sahihi maana yake amebadilisha jozi moja tu. Njia za kufika hapo ni 4 mara 4, yaani 16, ongeza ile 1 ya kupatia zote: 17/70, au 0.24.

"Anayebahatisha anafika hapo au zaidi takriban mara moja katika kila nne," nikamwambia.

"Dada, sita kati ya nane, unasema bado?"

Makosa yangu mawili yalikuja hapo. La kwanza: niliandika "kuna uwezekano wa asilimia 24 kwamba anabahatisha". Hapana. Nilipohesabu 17/70 nilikuwa nimeshachukulia kwamba *anabahatisha*. Hiyo ndiyo nadharia tete iliyozaa hesabu. Namba iliyotoka ndani ya dhana haiwezi kuwa uwezekano wa dhana yenyewe. Thamani ya p inajibu swali hili: kama anabahatisha, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea mara ngapi? Imeishia hapo.

La pili: nikamtangazia kwamba hawezi. Nako nilizidisha. Jaribio la karatasi nane halina nguvu. Mtu mwenye kipaji cha wastani angeweza kukosea jozi moja na tusimwone. Nimeshindwa kuikataa nadharia tete, sijaithibitisha. Nikamwomba radhi, akaipokea kwa maringo.

23 Machi. Aibu. Muda: saa 5

Nilifikiria kutoiandika hii.

Nilikuwa na mirusho 400 yenye kumbukumbu za tarehe, saa na mkono. Nikaanza kuchimba. Asubuhi dhidi ya jioni. Mrusho unaofuata 6. Mwanzo wa kurasa dhidi ya mwisho. Ulinganisho ishirini kwa jumla, na mmoja ukatoa p = 0.03: mkono wa kushoto hutoa 6 nyingi kuliko wa kulia! Nikawa tayari nimeshabuni sababu, kitu kuhusu pembe ya kiganja.

Kama hakuna lolote la kweli, na kila ulinganisho unajitegemea, nafasi ya kupata angalau mmoja ulio chini ya 0.05, kizingiti kilichozoeleka cha kuita matokeo "muhimu kitakwimu", katika ishirini ni 1 toa 0.95 kipeo cha 20. Ni takriban 0.64. Ningeshangaa zaidi nisingepata kitu.

Dawa: nimeandika swali moja, nikaweka tarehe, kisha nikarusha mara 200 mpya, mia kila mkono. Kushoto 6 zilitoka mara 17, kulia mara 18. Pembe ya kiganja imezikwa.

Na hili neno "umuhimu wa kitakwimu" linatupotosha kwa Kiswahili safi kabisa. Muhimu kwa nani? Maana yake ni kwamba matokeo yangekuwa nadra kama hakuna kitu, si kwamba yana uzito. Kwa sampuli kubwa ya kutosha, tofauti isiyofaa kitu inapata p ndogo. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikisema hayo, pamoja na kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli. Siku hizi naandika ukubwa wa tofauti kwanza, masafa yake pili, p mwishoni.

5 Aprili. Hesabu ya gharama, na marudiano. Muda: saa 2

Jumla: saa 44, mirusho 600, kurasa 81 za daftari. Mtu anayefuata nyayo hizi akianza na vipande vitatu vya karatasi, na kukata mirusho kwa mafungu tangu mwanzo, nadhani atamaliza kwa nusu ya muda huo. Uwiano na mstari wa makadirio nitaviandikia shajara nyingine.

Mdogo wangu alidai marudiano. Safari hii tuliandika masharti kabla: karatasi 12, sita kwa sita, jaribio moja tu. Njia ziko 924. Sahihi 10 au zaidi ni 37/924, yaani 0.04, sahihi 8 au zaidi ni 262/924, yaani 0.28. Tukakubaliana kwamba chini ya 10 hatusemi lolote.

Amepata 10.

Nimeandika 0.04, na pembeni nimeandika kwamba hili ni jaribio la pili. Yeye anataka nilifute hilo la pembeni. Sijalifuta. Kesho anakuja na karatasi ishirini.